Swali Lisilonakilika: Utafiti wa Mtandaoni katika Darasa la Theolojia

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza njia ya kufundishia ambayo humpa mwanafunzi swali, humwelekeza kwenye kurasa za intaneti zilizochaguliwa, na humtaka ajenge jibu lake mwenyewe. Njia hiyo, iitwayo WebQuest, ilibuniwa mwaka 1995 na Bernie Dodge, akisaidiana na Tom March, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, Marekani. Ina sehemu sita: utangulizi, kazi, hatua za kufuata, vyanzo, upimaji na hitimisho. Lakini zote hutegemea ubora wa swali.

Swali Baya

Hatuna budi kukiri kosa letu. Tuliwahi kuwaagiza wanafunzi waeleze historia ya mkonge mkoani Tanga. Tulipokea karatasi zilizofanana hata kwa makosa ya herufi. Zilisema kweli: mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Hata hivyo hakuna aliyekuwa amefikiri, wala sisi hatukuwa tumemtaka afikiri. Jibu lilikwisha kuandikwa mahali. Mwanafunzi alilichukua tu, akalileta. Hivi leo, ambapo programu za akili unde zaweza kuandika insha nzima kwa muda mfupi, swali la namna hiyo halipimi kitu.

Swali Jema

Tuchukue mfano wa mwinjilisti anayepangiwa mtaa ulioko Mashewa, wilayani Korogwe. Katika wilaya hiyo wamo Wasambaa na Wazigua, na wamo pia wajukuu wa manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge. Swali liwe hili: mzee wa asili ya mbali akifariki bila ukoo wa karibu, mazishi yake yaendeshwe namna gani, na nani asimame kama ndugu yake? Hakuna ukurasa wenye jibu hilo.

Darasa ligawanywe makundi manne. La kwanza lichunguze historia ya manamba. La pili, desturi za mazishi za Wasambaa na Wazigua. La tatu, Maandiko na liturgia ya mazishi. La nne, hali ya familia hizo leo. Kisha makundi yafundishane, na wote waandike mpango mmoja ambao baraza la wazee lingeweza kuukubali. Vigezo vya upimaji vitolewe siku ya kwanza: usahihi, namna vyanzo vilivyopimwa, na faida kwa usharika.

Wajibu wa Mwalimu

Mwalimu asimwache mwanafunzi apotee mtandaoni. Afungue mwenyewe kila ukurasa kabla ya kipindi, achague michache, na aulize: nani aliandika, lini, na kwa kusudi gani? Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, kurasa zipakuliwe mapema au zichapwe. Pale kurasa zinaponyamaza, wanafunzi waende kwa wazee. Mzee akipinga yaliyoandikwa, mwalimu asiharakishe kuamua nani amekosea. Wanafunzi ndio wapime ushahidi wa pande zote mbili.

Hitimisho

Jambo hili si geni kwetu Walutheri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther hakuridhika na mtoto kukariri amri tu. Kila amri hufuatwa na swali la maana yake. Nasi tusiridhike na karatasi nadhifu. Mchungaji aliyezoea kunakili darasani atanakili na mimbarani, na siku ya mazishi wafiwa watasikia maneno mazuri ya mtu asiyewajua.