Safari ya Wanachama Katika Pango la Kuumbi

Sisi watu wa Pemba tumezowea udongo. Ukichimba shimo la mche wa mkarafuu jembe linazama, na ukizidi kuchimba linazidi kuzama. Ndiyo maana wanachama wenzetu 14 waliokwenda Jambiani, kusini-mashariki ya Unguja, walianza kustaajabu hata kabla ya kufika pangoni. Kule ni maweni matupu. Udongo umekaa baina ya jiwe na jiwe, kibaba hapa na kibaba pale, na mwenye kulima hutafuta kwanza pa kutia mbegu. Mzee mmoja katika sisi aliuliza, "Hawa wanakula nini?" Kiongozi wetu, kijana wa hapo hapo kijijini, akamjibu, "Twala muhogo na samaki, babu, na siku hizi twala wageni pia."

Jiwe lile zamani lilikuwa tumbawe, likimea chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari ikateremka, tumbawe likabaki kavuni. Tangu hapo mvua ndiyo fundi wa mapango. Maji ya mvua yakipita hewani na katika majani yaliyooza huchukua ukali kidogo, mfano wa siki iliyotiwa maji mengi sana, na ukali huo hula chokaa ya jiwe polepole. Ufa huwa tundu, tundu huwa chumba. Maji hayo hayo yakidondoka kutoka darini huacha chokaa yake tone kwa tone, na hivyo ndivyo yalivyopatikana mawe tuliyoyaona yananing'inia kama viwele vya ng'ombe.

Tulipofika mdomoni mwa pango kijana akatusimamisha, akabisha hodi. Wazee wa Jambiani wana mambo yao humo tangu enzi za mababu. Kuna katika wanachama wetu asiyeyakubali hayo, na hiyo ni haki yake, lakini hodi ni adabu ya kuingia kwa watu, na sote tulinyamaza. Kisha tukashuka, mmoja nyuma ya mwenzake, taa mkononi. Mahali paa imeporomoka, mwanga unaingia kwa juu na mizizi ya miti imeteremka kama kamba. Mbele yake ni giza na ubaridi. Popo walituruka vichwani; si wale popo wetu wakubwa wa Pemba, ambao hulala mitini na hawapatikani po pote pengine duniani, bali wadogo wa pangoni.

Humo ardhini imetoka khabari ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaisikia. Wataalamu wamechimba na kukuta mawe yaliyochongwa kuwa zana, na ncha za mishale za mfupa, nyembamba mno, hata wakadhani kuwa huenda zilitiwa sumu. Wamekuta mifupa ya paa na ya panya buku kwa wingi, na pia mifupa ya nyati, kuro na punda milia. "Punda milia Unguja!" alisema mama mmoja wa kundi letu. "Walipanda boti gani?"

Hawakupanda boti. Walikuja kwa miguu. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100, na maji baina ya Unguja na Mrima ni machache, mahali pengi hayazidi mita 40. Basi palikuwa nchi kavu, na Unguja ilikuwa kilima tu cha bara. Pemba sivyo. Mkondo ulioko baina yetu na Mrima una kina cha mita mamia kadha, na hata bahari ilipoteremka kiasi kile sisi tulibaki kisiwa. Ndiyo sababu tuna popo wetu, ninga wetu na bundi wetu peke yetu. Wenzetu walifurahi sana kwa jambo hili, nami sikuwazuia.

Sasa nifike kwenye lile lililoleta maneno. Mwanachama mmoja alikuja na magunia mawili. Alipoona samadi ya popo ilivyolala pangoni akasema hii ndiyo dawa ya mikarafuu yake iliyochoka, na kwamba kuiacha ni israfu. Hakukosea kuhusu samadi. Ni mbolea ya nguvu, na sote tunajua bei ya mbolea ya dukani. Kijana akakataa kwa upole, na yule akazidi kubishana, mpaka kijana akaonyesha ukuta wa shimo la kale la wachimbaji.

"Huu kwenu ni udongo," alisema, "kwetu ni daftari."

Na mfano wake anao. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapo, akasema watu wa Kuumbi walifuga wanyama na walifanya biashara ya ng'ambo maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2012 wakaja wengine, wakapima umri wa matabaka moja moja. Hawa wakasema wa kale wale walikuwa wawindaji. Kisha pango likakaa muda mrefu bila ya watu, mpaka walipokuja wengine katika karne ya 7 au karibu yake. Na ufugaji wa kale hivyo wao hawakuuona. Maneno hayo makubwa, khasa kwa historia ya visiwa vyetu, yanategemea mfupa upi ulilala juu ya upi. Chepeo moja ikivuruga matabaka, hapana tena wa kuhukumu baina yao. Mkarafuu wenyewe una miaka 200 tu hivi visiwani. Hauna haki ya kufuta miaka 20,000.

Magunia yalirudi matupu. Mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika, ila nisimtaje jina.

Safari ya pili itakuwa kabla ya vuno, maana karafuu zikiiva hatoki mtu. Wanaotaka kwenda watoe majina kwa makatibu wa matawi. Waje na viatu vya kufunga, si ndara, na kila mmoja na taa yake. Ada ya kiongozi hulipwa hapo hapo kijijini. Magunia yaachwe nyumbani.