Wafula si jina la ukoo

Simama katika soko la Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, uite kwa sauti: "Wafula!" Watageuka wauza ndizi, waendesha bodaboda na pengine askari mmoja. Wenzangu wasiotoka Bungoma huniuliza: kwani hawa wote ni ndugu? Ukoo gani huu mkubwa hivi?

Si ukoo hata kidogo. Wafula ni mvua. Katika Lubukusu, mvua ni efula. Mvulana aliyezaliwa msimu wa mvua huitwa Wafula, msichana Nafula. Ndivyo walivyo pia Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala na Nanjala wa miezi ya njaa ghala linapokuwa tupu. Wanyonyi ni wa palizi, na dunia ililisikia jina hilo mwaka 2024 Emmanuel Wanyonyi alipotwaa dhahabu ya mita 800 kule Paris. Mvua hainyeshi kwa jirani ikaruka kwako. Basi akina Wafula wamejaa tele, Bungoma hadi Trans Nzoia, na hata ng'ambo ya mpaka kwa Wamasaba na Wasamia wa Uganda.

Kwa mpenzi wa Kiswahili, jina hili lina utamu wake. Efula na mvua zina asili moja. Wazulu nao husema imvula. Kiswahili ndicho kilichodondosha l, kama kilivyofanya njala ikawa njaa. Lakini l hiyo bado imejificha humo humo. Tunasema zaa, kisha zalia. Fungua, kisha fungulia. Kwa hiyo ukimwita Wanjala unatamka njaa kwa umbo kongwe kuliko letu.

Shida ilianza na fomu. Panapotakiwa "jina la ukoo", mtu huandika jina la babake. Watoto wote wa Wafula wakawa akina Wafula, hata yule aliyezaliwa Januari vumbi likitimka. Nafula naye akawa Nafula Wafula, mvua mara mbili! Kweli, hata zamani mtoto aliweza kupewa jina la babu marehemu bila kujali msimu. Ila hakuna aliyedhani jina hilo linataja ukoo. Koo zilikuwa na majina yake, na zingali nayo: Bakhone, Batecho, Baengele, Bameme na nyingine nyingi. Hayo hayaandikwi kwenye kitambulisho.

Na hayo ndiyo yanayoamua nani amwoe nani, maana Mbukusu haoi katika ukoo wa baba wala wa mama. Wafula wa Bakhone anaweza kumwoa binti Wafula wa Bameme bila tatizo. Simiyu na Nekesa, wote Batecho, hawawezi. Vijana hukutana Nairobi, wakatazamana majina, wakaridhika: ati mbona hatufanani! Mambo hufichuka siku wazee wameketi kuzungumzia mahari, na kabla ng'ombe hawajatajwa, mmoja anauliza, "Huyu binti ni wa nani, kwa ukoo?"