Kiputo Hakianzi na Sifuri

Je, wajua kwamba viputo vinavyoganda kwenye kuta za bilauri ya maji iliyolala mezani usiku kucha si dalili ya uchafu, wala si dawa ya maji kama wengi wanavyovisingizia? Ni hewa tu. Maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko ya vuguvugu: lita moja yenye nyuzijoto 5 huweza kushika karibu miligramu 13 za oksijeni, ikifika 25 hushika takriban 8. Ziada hutafuta njia ya kutoka, na hapo ndipo penye kitendawili. Ngozi ya maji hukibana kiputo pande zote, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi. Kiputo ambacho kutoka kitovu hadi ukingo ni sehemu moja ya elfu ya milimita hubeba mgandamizo wa ziada wa karibu mara 1.4 ya ule wa hewa. Kipunguze mara kumi, unafika mara 14. Kiputo cha kuanzia sifuri kingepondwa, gesi yake irudi majini kabla hakijaonekana. Basi hakianzi na sifuri. Maji yanapomiminwa hupita juu ya mianya myembamba, hasa yenye kuta za mafutamafuta, bila kuzama ndani, yakaacha humo kifuko cha hewa. Gesi iliyoyeyuka huingia mle, kifuko kikafura, kiputo kikachomoza na kung'oka, na hewa iliyosalia ikazaa kingine. Ndiyo sababu viputo vya soda hupanda kwa msururu kutoka nukta ileile.

Mtu atauliza: mbona kioo laini nacho hutoa viputo? Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, Ufaransa, alipochunguza glasi za shampeni aliona kuwa kazi kubwa hufanywa na vinyuzi vya selulosi, vya kitambaa cha kufutia au vilivyoletwa na upepo, vyenye hewa ndani ya uwazi wao. Pingamizi zito zaidi ni viputo vya nano, yaani vidogo mno, vilivyoonekana kwenye nyuso bapa tangu 2000. Hesabu ilidai vife kufumba na kufumbua, navyo hudumu siku kadhaa. Lakini hivyo navyo vimeshikwa na uso: ukingo wao umenasa, hivyo vikinywea hubonyea badala ya kujikunja, na mgandamizo hushuka. Bila uso wa kukishika, kiputo hicho hakina maisha.

Elimu hii hutumika kuelesha madini, kutenga mafuta na maji machafu, hata kutengeneza glasi za bia. Jikoni ndiko inakopuuzwa. Viputo vidogo vinavyoganda chini ya sufuria mapema ni hewa inayokimbia joto, na maji hayo bado hayajaua vijidudu. Usiipue kwa kuviona. Ngoja maji yatokote sawasawa.