WhatsApp ya bibi na mahakama ya Cincinnati

Wengi wetu hapa Minneapolis na Saint Paul Kiswahili tulikipata kwa simu: Jumapili, WhatsApp, bibi yuko Bukavu au Kampala. Kwa hiyo mjadala wa intaneti huria unatugusa. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kampuni inayouza intaneti ipitishe kila kitu sawasawa, isiharakishe cha aliyelipa zaidi na kuchelewesha cha mwingine. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufani huko Cincinnati iliamua kwamba tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, haina mamlaka ya kuyalazimisha makampuni kuifuata.

Klabuni wapo wanaosema tunaogopa kivuli. Waganda hawatasema hivyo. Kuanzia Julai 2018, aliyetaka WhatsApp, Facebook au Twitter alilipa serikali shilingi 200 kwa siku; tovuti za kawaida hazikuguswa. Watu wakakimbilia VPN (nayo inakula bando). Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Inauma, lakini hailengi mitandao ya kijamii peke yake.

Tena ile ya Uganda ilionekana: hujalipa, haifunguki. Huku kampuni ikipunguza kasi kimyakimya, sisi tutalaumu mtandao wa kwa bibi.