Taa ya Kimulimuli

Mvua za kwanza zinyeshapo Kolwezi, jua likiisha kutua, watoto hutoka uani kuwafukuza vimulimuli. Upande mmoja taa za machimbo zawaka usiku kucha. Upande wa pili, huko bondeni penye majimaji, taa ndogo zisizo na waya wala mafuta zawaka na kuzimika. Mtoto akimkamata mmoja na kumfunika kwa viganja vyake, hustaajabu: nuru ipo, lakini mkono hauungui. Je, moto huo ni wa namna gani? Na ulitoka wapi? Leo tutajaribu kuwaeleza wasomaji wetu yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyafahamu.

Kuni na mwashaji

Mwaka 1885 Mfaransa mmoja, Raphaël Dubois, alianza kuichunguza nuru hiyo katika mdudu wa Amerika anayewaka. Alisaga sehemu zenye nuru katika maji baridi. Zikang'aa kitambo, kisha zikazimika. Nyingine alizitia katika maji ya moto, nazo zikazimika. Halafu, maji yale ya moto yalipokwisha kupoa, aliyachanganya na yale ya kwanza. Mara nuru ikarudi!

Basi akatambua kwamba vitu viwili vyahitajiwa. Cha kwanza ni kama kuni, nacho hakiharibiki kwa joto, alikiita lusiferini. Cha pili ni kama mwashaji, nacho huharibika kwa joto, alikiita lusiferasi. Msomaji asishtuke kwa majina hayo: katika Kilatini lucifer maana yake ni mleta nuru, na hapo kale lilikuwa jina la nyota ya asubuhi. Lusiferasi ni kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha kazi ndani ya mwili bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo.

Hata hivyo palikuwa na jambo moja lililosalia. Mwaka 1947 William McElroy, mwalimu wa chuo kikuu huko Baltimore, Marekani, aliwalipa watoto wa mji senti 25 kwa kila vimulimuli 100 waliomletea. Kwa wadudu hao alithibitisha kwamba nuru haitoki pasipo ATP, ambayo ndiyo nguvu ile ile inayotumiwa na misuli yetu tunapoinua jembe au kukanyaga baiskeli. Hewa ya oksijeni nayo yahitajiwa.

Nyundo mbili za mhunzi

Lakini mwashaji huyo alipatikanaje? Lusiferasi ni jamaa wa kimeng'enya kingine cha kawaida, ambacho kazi yake ni kuyatayarisha mafuta ya mwili yapate kutumika. Wadudu wasiowaka wanacho pia. Fikirini mhunzi mwenye nyundo moja: hawezi kuibadili, maana ataikosa kazi yake ya kila siku. Akipata ya pili, ile ya kwanza huendelea na kazi, na hii aweza kuifua iwe chombo kingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa vimulimuli. Maandishi ya urithi ya kimeng'enya kile yalinakiliwa mara mbili. Nakala moja ikabaki na kazi ya zamani, nyingine ikabadilika kidogo kidogo hata ikaweza kutoa nuru.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walichukua kimeng'enya cha namna hiyo kutoka kwa nzi mdogo wa matunda, ambaye hawaki kamwe. Walipokipa lusiferini iliyotengenezwa na watu, kikang'aa. Na mwaka 2020 Wajapani walitengeneza upya lusiferasi kama ile waliyokadiria kuwa ya mababu wa vimulimuli, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Nuru yake ilikuwa kijani.

Ndugu wa karibu, rangi mbalimbali

Leo vimulimuli hawafanani wote. Lusiferasi ni kama uzi wenye shanga zaidi ya 500. Imeonekana kwamba, katika kimulimuli mmoja wa Japani, kubadili shanga moja tu kwaweza kugeuza nuru ya manjano na kijani kuwa nyekundu.

Tofauti hizo zina faida. Huko Marekani ya Kaskazini, wengi wanaowaka usiku wa giza wana nuru ya kijani. Wengi wanaowaka jioni wana nuru ya manjano. Sababu yake yaeleweka: jioni bado majani yanarudisha nuru ya kijani, na taa ya kijani ingepotea kati yao. Dume anayemwita jike kwa taa isiyoonekana hapati watoto. Wakazi wa Katanga wameliona jambo kama hilo katika mimea: ua la shaba, jamaa wa kivumbasi, limeuzoea udongo wenye shaba nyingi unaoiua mimea mingine.

Faida kwa wagonjwa

Msidhani kwamba elimu hii ni ya kufurahisha macho tu. Nchi ya machimbo inaujua vema ugonjwa wa kifua kikuu, maana vumbi la mawe huyadhoofisha mapafu. Mwaka 1993 wataalamu huko New York waliwatia vijidudu vya kifua kikuu maandishi ya lusiferasi, na pia wakawapa dawa. Vijidudu wakifa, hawana ATP, na giza huingia. Wakiishinda dawa, huendelea kung'aa. Hivyo mganga aweza kujua mapema dawa ipi yafaa.

Tuwalinde

Watoto wa vimulimuli hukaa katika udongo wenye unyevu, wakila konokono na minyoo. Bonde likikauka, au likitiwa sumu, hufa. Na taa kali za usiku huwazuia wakubwa wasionane. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitaja mambo hayo matatu kuwa hatari kuu kwa vimulimuli duniani.

Basi, enyi wanafunzi, jioni moja ya masika nendeni bondeni pamoja na baba au kaka. Andikeni daftarini saa waliyoanza kuwaka, rangi ya nuru yao, na mahali walipo. Rudini hapo mwaka ujao, mkahesabu tena. Mkiona wamepungua, waambieni wazee wenu, kabla bonde halijawa giza kabisa.