Karosaji ya magurudumu ya mbele, na hatari ya kriki



Siku ya Mungu huko Muhumba, mara nyingi utaona gari la zamani limeinuliwa kwa kriki, na miguu ya mtu imetokea chini yake. Ukimwuliza, atasema pine zake zinakwisha upande mmoja.

Simama mbele ya gari lako, utazame gurudumu. Kama kichwa chake kinalala ndani, karosaji ni hasi, na pine italika upande wa ndani. Kikilala nje, ni chanya, na ukingo wa nje ndio utakaokwisha. Lakini paralelismu mbaya nayo hula pine kando, basi usihukumu upesi. Kwanza tikisa gurudumu. Likicheza, rulema au rotuli imechakaa, na hakuna kipimo kitakachokaa.

Kupima si kazi ngumu. Tafuta sakafu iliyo sawa kabisa (Muhumba inateremka kuelekea ziwa, usidanganywe na macho), jaza pine upepo sawasawa, kisha ning'iniza uzi wenye jiwe karibu na gurudumu. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa chuma, juu na chini. Kama kingo hizo mbili zimeachana milimita 400, tofauti ya milimita 7 ni karibu digrii 1.

Kwa Porsche 911 ya zamani, ile iliyoshika nafasi ya pili katika Safari Rally ya Kenya mwaka 1978, fungua kifuniko cha mbele. Juu ya kila amortisa kuna bulo tatu. Punguza uzito kwa kriki, zilegeze, sukuma kichwa cha amortisa ndani ili kuongeza hasi, au nje ili kuipunguza. Kaza, shusha gari, lisukume mbele na nyuma kidogo, upime tena. Kushoto na kulia viwe sawa, ama sivyo gari litavuta upande mmoja. Halafu paralelismu ipimwe upya, kwa sababu imebadilika. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, haikupewa na kiwanda mahali pa kurekebisha. Ikiinama, tafuta kilichopinda.

Umeona kwamba kwa bulo hizo tatu huna haja ya kuingia chini. Usiingie! Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ikiwa lazima uingie kutazama rotuli, weka vigingi vya chuma chini ya gari na mawe makubwa kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Tofali hupasuka bila kutoa habari.

Jambo jingine ambalo mafundi wetu hulicheka: vumbi la breki. Breki za magari ya zamani zilikuwa na amianti, na vumbi lake huharibu mapafu kama lile la mgodini, tena pole pole. Usilipulize kwa kinywa wala kwa upepo wa kompresa. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Mtu akibanwa kifua, hawezi kupumua: inueni gari mara moja kwa kriki ya pili, mweke kigingi, ndipo mmvute. Akitoka, na hata akisimama na kusema hana kitu, mpelekeni lupitali siku ile ile. Damu inaweza kuvuja tumboni saa nyingi bila kuonekana.