UZI: Stima ni ghali, sawa. Lakini uniti zako zinaliwa na nini?

1/ Kila siasa ikipamba moto, kuanzia Kanduyi hadi Tuwan, utasikia ahadi ileile: "Tutashusha bei ya stima." Upande wa pili unajibu: "Wananchi wajifunze kutumia vizuri." Watu wanapiga makofi, mkutano unaisha, tokeni nazo zinaisha. Leo tuifungue hii mada polepole. Simtaji mwanasiasa wala chama. Ni hesabu tu, halafu maswali ya kuwauliza wote. Twende kazi.

2/ Kwanza, nani hupanga bei? Si gavana, si MCA. Bei ya stima huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti kawi na mafuta, na Kenya Power ndiyo inayokuuzia. Maji ni hadithi nyingine. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikuahidi tokeni za bei nafuu, anakuahidi kitu ambacho hana. Akikuahidi bomba lisilovuja, hapo mshike.

3/ Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Bei ya uniti si moja kwa kila mtu. Kuna ngazi. Tangu Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti 30 au chini kwa mwezi iko ngazi ya chini, ile ya kuwalinda wenye kipato kidogo. Uniti 31 hadi 100 ni ngazi ya pili. Kupita 100 ni ya tatu. Kabla ya hapo, ngazi ya chini ilifika uniti 100. Mamilioni ya maneno yamesemwa kuhusu bei, lakini huo mstari kushuka kutoka 100 hadi 30 ndio uliobana nyumba nyingi.

4/ Bei za msingi zilizoanza Aprili 2023 zilikuwa KSh 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti. Juu yake kuna makato: gharama ya mafuta, kubadilika kwa dola, ushuru wa stima vijijini, VAT ya asilimia 16 na mengine. Ndiyo maana pesa ileile hukupa uniti tofauti mwezi huu na ule. Bei hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hivyo zichukue kama mfano wa hesabu.

5/ Utamu (au uchungu) uko hapa: ngazi yako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, na ukipanda, bei mpya inashika uniti ZOTE, si zile za ziada pekee.
Uniti 30 x 12.22 = KSh 366.60.
Uniti 31 x 16.30 = KSh 505.30.
Uniti moja tu, na umeongeza karibu KSh 139 kabla ya makato. Kwa hivyo kifaa unacholeta nyumbani hakili uniti zake tu. Kinaweza kupandisha bei ya uniti za vifaa vingine vyote.

6/ Tuchukue nyumba ndogo Kitale.
Taa 4 za LED za wati 9, saa 5 kila jioni: uniti 5.4 kwa mwezi.
TV ya wati 40, saa 4 kwa siku: 4.8.
Simu za familia: tuseme 1.
Friji ndogo nzuri inayokula uniti 200 kwa MWAKA: kama 17 kwa mwezi.
Jumla 28.2. Una friji, una TV, na bado uko ngazi ya chini. Inawezekana.

7/ Sasa weka dekoda ya wati 10. Ukiiwasha pamoja na TV na kuizima pamoja nayo, inaongeza 1.2. Unafika 29.4, bado uko salama. Ukiiacha ikiwaka mchana na usiku, inakula 7.2. Unafika 35.4, umevuka mstari. Kale kataa kekundu kanakokutazama usiku ndiko kamekupandisha bei ya nyumba nzima. Zima kwa soketi, si kwa rimoti.

8/ Tuje kwa friji, maana hapa ndipo watu huumia. Friji kuukuu ya wati 150, kompresa ikizunguka nusu ya siku, inakula uniti 1.8 kwa siku, yaani 54 kwa mwezi. Ile ndogo nzuri ni 17. Tofauti ni uniti 37. Kwa 16.30, hiyo ni KSh 603 kila mwezi kabla ya makato. Kwa miaka miwili ni zaidi ya KSh 14,000. Bei ya dukani hulipwa siku moja. Ile ya pili unailipa kidogo kidogo kwa tokeni mpaka siku utakapoitupa.

9/ Unajuaje friji nzuri? Kanuni za mwaka 2016 zilileta kibandiko cha nyota, moja hadi tano. Nyota nyingi, ulaji mdogo. Lakini linganisha friji za ukubwa mmoja, kwa sababu jitu la nyota tano linaweza kula kuliko friji ndogo ya nyota tatu. Kama kuna namba ya kWh kwa mwaka, hiyo ndiyo muhimu zaidi. Igawe kwa 12 upate uniti za mwezi. Muuzaji akikwambia "hii haili stima" na hana namba, hayo ni maneno ya soko tu.

10/ Na ukinunua mtumba? Sikucheki, mfuko ndio husema. Lakini fanya mambo matatu. Moja, bana noti kwenye mlango wa friji kisha uivute. Ikiteleza bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inatoroka. Mbili, iwashwe mbele yako, ikipoa usikilize kompresa. Isiyopumzika kamwe ni mlafi. Tatu, soma wati kwenye kibati cha nyuma. Ukifika nayo nyumbani, zima vingine vyote, soma mita leo na kesho saa hiyohiyo. Tofauti ndiyo ulaji wake wa siku.

11/ Hapa ndipo siasa inaingia. Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza friji za mtumba mwaka 2009. Ghana ikaanza kutekeleza marufuku yake 2013. Kwetu kanuni zinataka vifaa vitimize kiwango kabla ya kuingia nchini. Kuna wanaosema marufuku kamili inamnyima maskini friji. Wengine wanasema mtumba ni mtego wa kumuuzia maskini bili. Mimi naona wote wana hoja. Ukizuia mtumba bila kumsaidia mtu kupata mpya, kwa mkopo nafuu kwa mfano, umefunga mlango tu. Ukiruhusu kila kitu, nchi nzima inabeba mzigo wa vyuma vilivyokataliwa kwingine.

12/ Sasa mfalme wa ulaji: shawa ya stima. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, asubuhi hakuna anayetaka maji baridi. Shawa nyingi ni wati 5,000 hivi. Dakika 6 ni nusu uniti. Watu wanne kila siku: uniti 60 kwa mwezi. Umemaliza ngazi ya chini mara mbili na hujawasha hata taa. Bungoma kuna joto zaidi, wengi wanaweza kuizima miezi kadhaa. Kitale, jaribu umwambie mtu hivyo mwezi wa saba.

13/ Usidanganywe na "shawa inayookoa stima". Karibu stima yote inayoingia kwenye shawa inakuwa joto, hakuna ujanja hapo. Ya wati kidogo hupasha maji kidogo. Kinachookoa kweli ni dakika chache, kichwa cha shawa kinachotoa maji machache (unaokoa maji na stima kwa mpigo), au sola ya kupasha maji juu ya paa. Kuoga kwa beseni, lita 10 za vuguvugu, ni kama robo uniti. Nusu ya ile shawa ya dakika 6.

14/ Jikoni: kupanda juu kunafanya maji yachemke kabla ya kufika nyuzi 100. Kitale ni kama 94. Ndiyo maana maharagwe na githeri huchelewa kuiva. Koili ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili mfululizo ni uniti 3. Sufuria ya presha ya stima huiva haraka na hujizima ikishapata moto, kwa hivyo chungu hichohicho hutumia chini ya uniti moja. Kwa anayepika kwa stima, hiki ndicho kifaa ambacho ningekiweka mbele ya vingine vyote. Na birika: chemsha maji ya vikombe unavyohitaji tu. Kila lita ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti.

15/ Maji nayo. Kwa miaka mingi Kitale na Bungoma zimehudumiwa na kampuni moja, NZOWASCO, na bei ya maji ya kampuni kama hizi huidhinishwa na WASREB. Choo cha zamani huvuta kama lita 9 kila mara. Watu watano, mara nne kila mmoja: lita 180 kwa siku, mitungi 9 ya lita 20. Choo cha vitufe viwili, lita 3 na 6, hushusha hiyo hadi kama lita 75. Huwezi kununua choo kipya? Chupa ya lita moja iliyojaa maji, ukiiweka ndani ya tangi mahali isipozuia mashine yake, inakuokolea lita moja kila unapovuta. Mashine ya kufua yenye mlango wa mbele pia hutumia maji machache kuliko nyingi za mlango wa juu. Ifulie kwa maji baridi.

16/ Lakini usikubali kuambiwa "wewe ndiye unayepoteza maji" halafu mjadala uishe hapo. Kote nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayaleti mapato: yanavuja, yanaibwa au hayapimwi. Chupa yako kwenye tangi la choo haiwezi kuziba bomba lililopasuka barabarani. Na hayo maji mara nyingi yamesukumwa kwa pampu, kwa stima ileile ghali, kisha gharama inarudi kwenye bili yako.

17/ Na sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Haya yote nimeyasema kana kwamba kila mtu anachagua vifaa vyake. Mpangaji hachagui. Shawa iliwekwa na mwenye ploti, choo pia, na mita ni moja kwa nyumba sita. Kila nyumba inatumia uniti 25 tu, watu wanaojinyima. Lakini mita inaona 150, ngazi ya tatu!
Kwa mita moja: 150 x 20.97 = KSh 3,145.50.
Kila nyumba na mita yake: 150 x 12.22 = KSh 1,833.
Tofauti KSh 1,312.50 kila mwezi, kabla ya makato. Ile ngazi ya kumlinda mnyonge inampita mnyonge mlangoni.

18/ Kwa hivyo, ukienda baraza au mkutano, acha kuuliza "mtashusha bei lini?" Jibu lake ni makofi tu. Uliza haya:
– Mpangaji wa mita ya pamoja atapataje bei ya ngazi ya chini?
– Mstari wa uniti 30 ulipimwa kwa nyumba yenye vifaa gani?
– Nani anakagua vibandiko vya nyota kwenye maduka ya Kitale na Bungoma, si Nairobi pekee?
– Kaunti itapunguza maji yanayopotea kwa asilimia ngapi, kufikia mwaka gani?
Ya kwanza matatu ni ya taifa, ya mwisho ni ya kaunti. Kila mmoja abebe lake.

19/ EPRA ikipitia bei, sheria inataka wananchi wasikizwe. Vikao hivyo hujaa makampuni na mawakili, wapangaji wachache sana. Enda na tokeni zako za miezi mitatu na picha ya mita ya ploti. Namba zako mwenyewe zina uzito kuliko kelele.

20/ Muhtasari: zima dekoda, soma kWh kabla ya kulipa, shawa iwe fupi, maharagwe kwa presha, wapangaji mdai mita zenu. Bei inapangwa mbali, lakini ngazi unayoingia inaanzia kwa soketi ya ukutani. Na pale ambapo soketi si yako, hiyo ni siasa, idai kisiasa. Uko ngazi gani mwezi huu? Weka uniti zako hapa chini, tufanye hesabu pamoja. Sambaza kwa group ya ploti.